NextDNS kwenye simu ya kijana wa likizo: inafunga nini, inaacha nini wazi

Bweni halina simu. Ndiyo maana kwa familia nyingi za Mbeya, kuanzia Uyole mpaka Mbalizi, hoja ya matangazo machafu huibuka mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, wanafunzi wanaporudi nyumbani na kukabidhiwa simu. Mara nyingi ni ile ya zamani ya mama, yenye laini ya mama na akaunti ya Google ya mama. Kijana wa kidato cha pili anapakua gemu la mpira la bure, na kila raundi ikiisha skrini nzima inajaa tangazo: kindege chekundu kinapaa, namba inapanda, 2.00, 7.50, 31.20, kisha kinatokea kitufe cha kijani. Alama ya X ya kufungia ni ndogo kama punje ya ulezi. Ukiikosa kidogo tu, umeshatua kwenye ukurasa wa kujisajili kubeti.

NextDNS ni huduma ya kuchuja intaneti ambayo mzazi anaweza kuiweka kwenye simu kama hiyo bila kulipa na bila kupakua programu yoyote. Hukumu yetu itangulie: kwa matangazo ya ndani ya magemu na ya tovuti za kawaida, kwa bei ya bure, ni vigumu kupata kitu kinachoizidi. Kwa YouTube, TikTok, Instagram na status za WhatsApp haifui dafu. Anayeiweka na kulala usingizi amefunga dirisha, mlango ameuacha wazi.

Inavyofanya kazi ni rahisi kueleza kwa mtu aliyewahi kufika stendi. Simu ikitaka kufungua ukurasa wowote, kwanza inauliza ukurasa huo unakaa anwani gani, kama abiria anayemuuliza mpiga debe basi la Tukuyu liko wapi. Huduma hiyo ya kujibu ndiyo huitwa DNS. Kwa kawaida anayejibu ni mtandao wako, na anajibu kila swali. Ukiweka NextDNS, unabadilisha mpiga debe. Huyu ana orodha ya mabasi asiyoyaonyesha mtu. Gemu likiuliza anwani ya kampuni ya matangazo linajibiwa hakuna, na nafasi ya tangazo inabaki tupu. Kwa kuwa tangazo halikushuka kabisa, na bando halikuliwa. Matangazo ya video ndani ya magemu hula data sana, kwa hiyo hata mzazi asiyejali maudhui ana sababu ya kuiweka.

Masharti ya kuanza ni mawili. Simu iwe na Android 9 au zaidi, toleo lililotoka 2018. Angalia sehemu ya "Kuhusu simu". Pili, uwe na anwani ya barua pepe ya mzazi, si ya kijana.

Fungua my.nextdns.io kwenye simu yako mwenyewe, jisajili, na utapewa wasifu wenye kitambulisho cha herufi na tarakimu sita. Usikimbilie simu ya kijana kabla hujapanga mambo hapa. Ukurasa uko kwa Kiingereza, ila vichupo vya kugusa ni vichache. Kwenye Privacy, hakikisha orodha ya kuzuia matangazo ipo. Kwa kawaida huja imewashwa. Kwenye Parental Control kuna sehemu ya makundi, yaani Categories. Ongeza matatu: Porn, Gambling na Dating. Kundi la Social Networks liache. Ukiifunga mitandao yote ya kijamii siku ya kwanza ya likizo, kijana atatafuta njia ya kuung'oa mtambo mzima kabla jua halijazama, na ataipata. Chini yake washa SafeSearch, inayochuja majibu ya utafutaji, kisha washa Block Bypass Methods, inayokwamisha VPN na njia nyingine za panya. Tunasema inakwamisha. Haizimi zote.

Kichupo cha Denylist ndicho watu wengi hukiruka, na kwa Tanzania ndicho chenye kazi. Kundi la Gambling limejengwa kwa kuangalia dunia nzima, kwa hiyo tovuti ya kubeti yenye mwisho wa .co.tz, au iliyofunguliwa juzi, inaweza kuwa nje ya orodha. Chukua daftari, andika majina ya kampuni za kubeti unayoyaona kwenye mabango ya Mwanjelwa na Kabwe na unayoyasikia redioni wakati wa mpira, tafuta tovuti ya kila moja, kisha iingize kwa mkono. Ukiandika jina kuu la tovuti, na matawi yake yote yanafungwa. Kazi hii huchukua kama robo saa na hufanywa mara moja.

Sasa ndiyo shika simu ya kijana. Fungua mipangilio na juu kabisa, kwenye kisanduku cha kutafutia, andika "dns". Tunashauri hivyo kwa sababu kipengele chenyewe hukaa pahala tofauti kwa kila kampuni: Samsung wamekificha kwenye miunganisho ya ziada, wengine wamekiweka chini ya mtandao na intaneti. Kinaitwa DNS ya Faragha, au Private DNS simu ikiwa kwa Kiingereza. Chagua sehemu ya kuandika jina la mtoa huduma, andika kile kitambulisho chako kikifuatiwa na .dns.nextdns.io, kisha hifadhi. Hakuna https mbele, hakuna nafasi katikati, na herufi o isichanganywe na sifuri. Makosa ya kuandika ndiyo chanzo cha kwanza cha malalamiko kwamba huduma imekata intaneti. Kama una simu mbili au tatu za kulinda, tanguliza jina fupi na kistari, kwa mfano simu1-, kisha kitambulisho; utaweza kuzitofautisha kwenye ripoti.

Rudi my.nextdns.io, safari hii ukitumia brauza ya simu ya kijana. Juu ya ukurasa wa Setup utaonyeshwa kama kifaa hicho kinatumia wasifu wako. Ukiona hivyo, jaribu tovuti moja ya kubeti uliyoiingiza kwa mkono. Isipofunguka, kazi imekamilika.

Kwa nini NextDNS, wakati kuna za mkato zaidi? Zipo, na si mbaya. AdGuard wana kichujio cha familia kisichohitaji kujisajili: unaandika family.adguard-dns.com mahali palepale na umemaliza. Kinazuia matangazo, wafuatiliaji na tovuti za ngono. Cloudflare nao tangu 2020 wana family.cloudflare-dns.com, ambayo inafunga ngono na tovuti hatari ila matangazo inayaacha yapite. Mzazi asiye na barua pepe aweke ya AdGuard leo hii kuliko kusubiri. Kasoro yao ni kwamba hakuna kati ya hizi mbili iliyo na swichi ya kamari, na kamari ndiyo tunayoikazania zaidi.

Tunaikazania kwa sababu ya hesabu ambayo tangazo halimwonyeshi kijana. Tangazo linaonyesha mkeka: dau shilingi 500, mechi 10, malipo 178,500. Tuseme kila mechi ni ya nusu kwa nusu, idadi ya magoli ipite au isipite. Kampuni inakulipa 1.8 pale ambapo haki ingekuwa 2. Zidisha 1.8 kwa 1.8 mpaka zitimie kumi, moja kwa kila mechi, unapata takriban 357. Mara 500 ni kama 178,500, na ndiyo namba iliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu. Lakini zidisha 2 kwa 2 vivyo hivyo mpaka zitimie kumi, unapata 1,024. Yaani mikeka 1,024 ikisukwa, unaotegemewa kusimama ni mmoja; mingine 1,023 inachanika, na huo mmoja unalipwa kama theluthi tu ya ulichostahili. Mtu mzima mwenye mshahara anaweza kuliona hilo na akaamua kupoteza mia tano yake. Kijana wa miaka 15 anaona picha ya kijana kama yeye ameshika noti, na anaona timu anayoijua kuliko masomo yake. Tangazo linamwambia kwamba ujuzi wake wa mpira ni mtaji. Hapo ndipo linapompata, kwa sababu ujuzi anao kweli. Hesabu ya mkeka ndiyo haimsaidii. Sheria za michezo ya kubahatisha nchini zinamkataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza, lakini tangazo la ndani ya gemu haliulizi kitambulisho.

Tuje kwenye kasoro, na ya kwanza ni ya kimyakimya. NextDNS ya bure ina kikomo cha maswali 300,000 kwa mwezi kwa akaunti nzima, si kwa kila simu. Gawa kwa siku 30, ni 10,000 kwa siku. Simu moja ya kijana hukaa ndani ya hapo bila shida. Weka simu nne na televisheni janja kwenye akaunti hiyohiyo, na kikomo kinaweza kufikiwa kabla mwezi haujaisha. Kikifikiwa intaneti haikatiki. Kinachokatika ni uchujaji. Kila kitu kinaendelea kufunguka kama kawaida, matangazo yanarudi, na mzazi hana habari. Ingia kwenye Analytics katikati ya mwezi uangalie namba. Ikiwa mmezidi 150,000, punguza vifaa au lipia, dola 1.99 kwa mwezi.

Ya pili ni Opera Mini, brauza iliyojaa kwenye simu za huku kwa sababu inabana data. Inavyobana ni kwamba ukurasa unafunguliwa kwanza na kompyuta za Opera, kisha unaletwa kwako ukiwa umepunguzwa. Anayeuliza anwani hapo si simu tena, kwa hiyo kichujio chako hakisikii swali. Zima kubana data kwenye mipangilio yake, au iondoe ubakize Chrome. Na Chrome yenyewe ina sehemu ya DNS salama chini ya faragha na usalama: ikiwa kijana amechagua hapo mtoa huduma mwingine, amekwepa. Iwe kwenye chaguo la kutumia mtoa huduma wa sasa.

Halafu kuna magemu yanayotoa sarafu kwa anayetazama tangazo. Tangazo likizuiwa, sarafu hazitoki. Kitufe kinazunguka tu. Usilichukulie hili kama dogo, kwa kijana linauma kuliko kufungiwa tovuti yoyote, na linaweza kutosha kumfanya azime kichujio kizima. Mwambie kabla ya kuweka. Na kuzima ni kugusa mara tatu: mipangilio, DNS, otomatiki. Android ya kawaida haina kufuli la kipengele hicho. Simu nyingi za Tecno na Infinix zinakuja na kufuli la programu, nawe unaweza kujaribu kulifunga eneo la mipangilio kwa neno la siri, ila tunaona ni heri kijana ajue kwamba ripoti ya NextDNS itaonyesha simu yake imenyamaza tangu saa ngapi. Simu inayotumika na isiyouliza swali hata moja tangu jana jioni imezimwa kichujio. Basi.

Mtandao wa milimani nao una mambo yake. Ukipanda kutoka mjini kuelekea Isongole na Kiwira, kuna mabonde ambamo mtandao hushuka mpaka kwenye ukurasa kufunguka kwa kusuasua. DNS ya Faragha hufunga mazungumzo yake kwa usimbaji kabla ya swali la kwanza, kwa hiyo kwenye mtandao dhaifu ile mara ya kwanza inachelewa zaidi. Waifai za baadhi ya ofisi na nyumba za wageni zimefunga poti 853, ambayo huduma hii inapitia, na hapo simu itaandika kwamba seva ya DNS ya Faragha haifikiki na hakuna kitakachofunguka. Dawa ni kurudisha kwenye otomatiki kwa muda na kukumbuka kuirejesha. Kukumbuka ndiko watu wanakoshindwa.

Hayo yote ni ya kichujio. Sasa yale yasiyofikiwa nacho.

YouTube hutoa matangazo yake kutoka nyumba ileile inayotoa video. TikTok na Facebook vivyo hivyo, na tangu 2025 WhatsApp wameanza kuweka matangazo kwenye ukurasa wa status na chaneli. Mpiga debe hawezi kukataa basi la matangazo ikiwa abiria na tangazo wanasafiri kwenye basi moja. Huko, kinachoamua tangazo lipi limfikie nani ni umri ulioandikwa kwenye akaunti. Google, tangu 2021, haipangi matangazo kwa kufuata tabia za mtumiaji wa chini ya miaka 18, na makundi kama pombe na kamari yamezuiwa kwake. Lakini simu ya mama inasema mtumiaji ni mwanamke aliyezaliwa 1979. Mfumo unamtumikia huyo. Kijana anatazama muhtasari wa mechi ya Mbeya City huku akiletewa matangazo ya mtu wa makamo: bia, mikopo ya haraka, dawa za kupunguza tumbo.

Kwa hiyo mtengenezee kijana akaunti yake yenye tarehe yake halisi ya kuzaliwa, na umtoe mama kwenye simu hiyo. Usijaribu njia ya mkato ya kubadilisha mwaka wa kuzaliwa kwenye akaunti ya mama. Ukiteleza ukaandika umri wa chini ya miaka 13, Google inaweza kuifunga akaunti mpaka mzazi athibitishwe, na picha na namba za simu za mama zimo humo. Ukishapata akaunti ya kijana, iunganishe na Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia akaunti ya mtoto. Faida yake kubwa kwa mada hii ni mbili: programu mpya zinaomba ruhusa kwanza, na unaweza kuzuia usakinishaji kutoka nje ya Play Store. Hilo la pili lina uzito kwa sababu programu za kubeti husambaa kama faili la APK, vijana wakirushiana kwa Xender bila hata bando.

Kama simu ni ya mama kweli, na kijana anaiazima tu jioni, fungua myadcenter.google.com kwenye akaunti ya mama, nenda kwenye kubadilisha matangazo, kisha sehemu ya mada nyeti. Kuna makundi matano ya kuzima: pombe, kamari, kutafuta wachumba, ujauzito na malezi, na kupunguza uzito. Google wenyewe wanasema yatapungua, hawaahidi yataisha. Kwenye YouTube kupungua huko ni jambo la maana.

Laini nayo ni ya mama, imesajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA, na hapa ndipo tangazo linapogeuka fedha. Akaunti ya kubeti inafunguliwa kwa namba ya simu na kuwekewa hela kwa M-Pesa, Airtel Money au Mixx, na kwa mfumo huo mchezaji ni mtu mzima halali. Kilichobaki ni PIN. Kijana anayetumwa kwa wakala kutoa hela ya mboga anaijua PIN. Ibadilishe siku ileile unayoweka NextDNS. Haina maana kuchuja tangazo na kuacha pochi mezani. Piga pia *106# uone kama kuna laini nyingine zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako usizozijua. Meseji za ofa na ushindi wa uongo hazipiti kwenye DNS kabisa. Za kitapeli zinaripotiwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kuzituma namba 15040.

Mkorogo ni kesi nyingine. Krimu za kung'arisha ngozi na dawa za kukuza makalio haziuzwi sana kwa matangazo ya kulipia. Zinauzwa na mtu, kwenye status yake, kwa picha ya kabla na baada. Hakuna kichujio cha kumzuia dada wa jirani. Msichana wa miaka 14 anahitaji kuelezwa kitu cha kushika: zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, na kopo lisilo na orodha ya viambato, au lenye lebo iliyobandikwa juu ya nyingine, halipakwi usoni hata likiwa la bure.

Na jezi? Simba na Yanga zilianza kuvaa jina la SportPesa kifuani mwaka 2017, na klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana 2023 kuondoa majina ya kampuni za kubeti mbele ya jezi, kuanzia mwisho wa msimu wa 2025/26, huku za mkononi zikibaki. Kwenye kibanda umiza, dakika tisini za mechi zinabeba matangazo ya kubeti kuliko gemu lolote la simu. Hilo hatukulihesabu kama kosa la NextDNS.

Kuna jambo la ripoti. Kichupo cha Logs kinamwonyesha mzazi kila anwani iliyoulizwa, dakika kwa dakika. Tunashauri muda wa kuhifadhi uwe mfupi, siku moja au wiki, na usomaji uishie kwenye idadi na majina ya vilivyozuiwa. Kijana wa miaka 16 anaweza kuwa ametafuta jambo la mwili wake ambalo hajapata pa kuuliza. Mzazi akimsomea hilo mezani, kesho kijana atatumia simu ya rafiki isiyo na kichujio chochote.

Likizo ikiisha na simu ikirudi mikononi mwa mama, atakuta viungo vya juu kabisa kwenye Google, vile vya kulipiwa, vinagoma kufunguka, kwa sababu vinapitia anwani za matangazo. Ama arudishe DNS kwenye otomatiki, ama awashe kwenye kichupo cha Privacy chaguo la kuruhusu viungo vya namna hiyo. Wasifu wenyewe usiufute. Mpaka Desemba ile orodha uliyoiandika kwa mkono bado itakuwepo, utaongeza tu mabango mapya.